KIBALI CHA KUEGESHA MOTOKAA KWA WALEMAVU: NI NANI AKIPATAYE?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Jambo la leo ni dogo kwa macho, lakini ni zito kwa mwenye nalo. Mwezi wa Julai, 2021, Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya wafanyi kazi wa afya. Wenzetu walioko kule, wengi wao wawatunza wazee na walemavu, na huwapeleka hospitali na madukani kwa motokaa. Kwa hivyo yafaa tujue habari za kibali cha buluu kinachowekwa mbele ya kioo cha gari.

Mwaka 1970 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya wagonjwa wa siku nyingi na walemavu, iliyoletwa na mbunge Bw. Alf Morris. Vibali vikaanza kutolewa mwaka 1971, wakati ule vikiwa vya rangi ya machungwa. Tangu mwaka 2000 ni vya buluu, navyo huitwa Blue Badge. Mwenye nacho huegesha mahali palipotengwa. Katika England aweza pia kusimama kwenye mistari ya manjano kwa muda usiozidi saa 3, mradi pasiwe na amri ya kuzuia kupakia na kupakua mizigo. Mwenye miguu mizima huenda akaona huu ni upendeleo. Lakini kwa mtu ambaye mita 50 ni safari, nafasi iliyo karibu na mlango ndiyo itakayoamua kama atafika kwa daktari au atabaki nyumbani.

Sasa, ni nani akipataye? Katika England kuna milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa wale ambao serikali imekwisha kuwapima. Humo wamo vipofu walioandikishwa, na wanaopokea malipo yaitwayo PIP waliopewa alama 8 au zaidi kwa kuwa hawawezi kutembea kupita mita 50. Hawa hawapimwi tena.

Mlango wa pili ni wa wengine wote, na hapa ndipo watu hukwama. Halmashauri ya mji hutaka kuona kwamba mtu hawezi kutembea kabisa, au hutembea kwa shida kubwa sana, na kwamba hali hiyo yatazamiwa kudumu miaka 3 au zaidi. Tangu tarehe 30 Agosti, 2019, ulemavu usioonekana umeingizwa wazi: mtu ambaye safari humtia hofu kubwa mno, au humweka katika hatari, aweza kuomba. Hata hivyo ni lazima athibitishe.

Mfanyi kazi wa kigeni na aangalie jambo hili. Viza nyingi za kazi zamkataza mtu kupokea malipo ya umma, na PIP ni mojawapo. Basi akiumia, mlango ule wa PIP umefungwa kwake, hata kama mguu wake ni mbaya kuliko wa jirani yake. Itambidi apite ule wa pili, kwa hivyo ajiandae vizuri.

Mambo matatu huwaangusha waombaji:

1. Kutaja ugonjwa badala ya mwendo. Kuandika "nina sukari" au "nina baridi yabisi" hakutoshi. Andika unakwenda mita ngapi, kwa dakika ngapi, unasimama mara ngapi, na maumivu huja lini.

2. Kujikaza siku ya kupimwa. Wazee wetu walitufundisha kuficha maumivu, na ni tabia ya heshima. Lakini mpimaji huandika alichokiona. Mweleze siku njema na siku mbaya, na ni ngapi kwa juma. Usiongeze, wala usipunguze.

3. Kwenda mikono mitupu. Peleka barua za daktari, orodha ya dawa, na barua za miadi ya hospitali.

Ukikataliwa, uliza sababu kwa maandishi, kisha uiombe halmashauri iangalie tena shauri lako. Wengi hukata tamaa hapa, wala hawakuulizwa swali la pili.

Nanyi mnaotunza wengine, sikilizeni. Kibali ni cha mtu, si cha gari. Chaweza kutumika katika gari lo lote, mradi mwenyewe yumo safarini, au unamshusha, au unakwenda kumchukua. Ukimwacha mzee nyumbani ukaegesha kwa kibali chake ili umnunulie mkate, umevunja sheria, hata kama mkate ni wake. Faini yaweza kufika pauni 1,000. Asikudanganye mtu kwamba ni ruhusa ya kazi.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2025 ikapitishwa sheria mpya. Hapa nako, mtu hupimwa na waganga kabla ya kuandikishwa, na yale mambo matatu tuliyoyataja humwangusha vile vile. Kwa hivyo, ye yote aumiaye kazini na ahakikishe ajali imeandikwa, kama itakavyo sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya kuumia kazini. Karatasi ya siku ya ajali ni shahidi asiyesahau.

Tena, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa namna inayofaa. Lakini katika nyua za waajiri wengi, nafasi iliyo karibu na mlango ni ya meneja, naye ana miguu miwili mizima. Twaomba tawi hili likubali jambo moja: katika mapatano yajayo na waajiri, tudai nafasi ya gari karibu na mlango kwa mfanyi kazi mlemavu, na njia isiyo na ngazi. Gharama yake ni rangi na saruji kidogo. Leo ni mwenzako, kesho mashine yaweza kukuchagua wewe.

Umoja ni nguvu.