Chumba Kikiwa Kitupu: Kupima Umeme wa Ofisi ya Wengi



Mwaka una saa 8,760. Mtu wa ofisini anayefanya kazi saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, ukimtolea likizo na sikukuu, hukaa ofisini kama saa 2,000. Wanafunzi wa uzamili hukaa zaidi, hasa msimu wa kukabidhi tasnifu, lakini hata tukiwahesabia saa 3,000 bado karibu theluthi mbili za mwaka vyumba vyetu vya chuo havina mtu. Umeme unaoliwa katika saa hizo ndio nitakaouzungumzia. Na nitauzungumzia kwa ajili ya watu wa aina moja tu: wanaojitolea, wasio na cheo, wasio na bajeti, wanaotaka kujua chumba chao cha pamoja kinakula nini.

Nyumbani hatuhitaji mhadhara. Mita ya LUKU ipo ukutani, uniti zinashuka tukiziona, na zikifika mbili kila mtu ndani ya nyumba anageuka fundi wa kuzima vitu. Mtu huyohuyo akifika kazini anakutana na mita moja iliyofungwa nyuma ya jengo, inayosomwa na watu asiowajua, na ankara yake inakwenda kwa mhasibu asiyeingia chumbani humo hata siku moja. Sikubaliani na wanaosema wafanyakazi wa vyuo hawana uchungu na mali ya umma. Uchungu wanao, tarakimu ndiyo hawana. Hakuna chumba hapa kinachojua kilitumia nini mwezi uliopita.

Sheria nayo haikifikii chumba kama hicho. Kenya walitunga kanuni za usimamizi wa nishati mwaka 2012, zilizomtaka mwenye kituo kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka afanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Kanuni nzuri, ila zililenga viwanda, hoteli, hospitali na kampasi kwa ujumla wake. Mkaguzi aliyelipwa ataangalia transfoma, pampu za maji, na labda paa kama linafaa kwa sola. Hataingia kwenye chumba cha wahadhiri wasaidizi kuhesabu ekstensheni. Hapo ndipo mtu wa kujitolea anapopata kazi, na ni vizuri zaidi akitoka idara nyingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mwenyeji ameshazoea mlio wa friji hata hausikii tena.

Kwa kawaida vikundi vya kujitolea huanza vibaya. Hubandika karatasi za ZIMA TAA kwenye kila swichi, kisha hupita mchana kuwaonya wenzao. Baada ya wiki mbili karatasi zimechakaa na urafiki umepungua. Mimi ninashauri waanze Ijumaa jioni, watu wakishaondoka. Wachukue funguo kwa utaratibu unaotakiwa, waingie, wasizime kitu chochote, wapime chumba kama kilivyoachwa. Wanachokiona saa hiyo ndicho kitakachoendelea hadi Jumatatu asubuhi, na ukianzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi, hizo ni saa 63.

Vifaa ni viwili. Kipo kipimo kidogo kinachochomekwa kwenye soketi, kisha kifaa kinachomekwa juu yake, nacho huonyesha wati moja kwa moja na kujumlisha uniti. Na ipo mita ya koleo, inayobana waya bila kuukata. Hii ya pili ina kichekesho ambacho kila kikundi kipya hukipitia. Mwanafunzi anaibana kwenye kebo ya friji inayonguruma mbele yake, anasoma sifuri. Anabadilisha betri. Sifuri. Mita ni nzima. Ndani ya kebo ile mna waya unaopeleka mkondo na waya unaourudisha, na ukibana nyaya zote mbili pamoja, unaokwenda na unaorudi huuana. Inabidi ubane waya mmoja peke yake, na njia salama ni kutumia ekstensheni fupi ambayo fundi ameiandaa nyaya zake zikiwa zimetenganishwa, kila mmoja na ganda lake. Kufungua ubao wa swichi kuu si kazi ya kujitolea. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, na kwa hapa Tanzania leseni hizo hutolewa na mamlaka ya udhibiti, EWURA.

Tena, ampia ukizizidisha kwa volti 230 hupati wati kamili kwa vifaa kama feni, friji na kompyuta. Unapata namba kubwa kuliko wati halisi, kwa sababu ya kile mafundi wanachokiita pawa fakta. Ndiyo maana mimi hupenda kile kipimo cha soketi, kwa vifaa vyote kinavyoweza kuvibeba.

Sasa hesabu. Chukueni kitu chochote kinachokula wati 100 bila kupumzika: inaweza kuwa kompyuta moja iliyosahauliwa, au jumla ya skrini zilizosinzia, chaja, UPS ya zamani na kisambaza intaneti. Kwa mwezi wa siku 30, wati 100 ni uniti 72, yaani kilowati-saa 72. Wateja wadogo wa majumbani wa shirika la umeme, TANESCO, wale wa kundi la D1, ni wanaotumia kwa wastani uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Yaani kaya nzima, na taa zake, redio yake, televisheni yake, feni yake, inaishi kwa umeme ambao kona moja ya chumba chetu inauteketeza bila mtu kufaidika nao.

Lawama hapa huenda kusikostahili. Jagi la umeme la kuchemshia maji limeandikwa wati 2,000, linapiga kelele, linatoa mvuke, na kila mwanakikundi mpya hulikamata hilo kwanza. Lakini kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 hutumia takriban moja ya kumi ya uniti, halafu jagi linajizima. Dispensa ya maji ya moto na baridi iliyosimama pembeni haisemi kitu. Usiku kucha inapasha maji ambayo hakuna atakayeyanywa, na wakati huohuo, sentimita chache chini yake, inayapoza mengine. Mwacheni mtu apike chai yake. Ichomoeni dispensa.

Friji ipimwe kwa karatasi. Bana kipande cha karatasi kwenye mpira wa mlango, funga, kisha vuta. Kikitoka bila kukataa, mpira umekwisha na baridi inavuja. Humo ndani mara nyingi utakuta chupa mbili za maji na kopo la siagi ambalo mwenyewe alishahitimu.

Kiyoyozi kinastahili muda zaidi. Majengo mengi ya vyuo vya ukanda huu yaliyojengwa miaka ya 1960 na 1970 yalichorwa yategemee upepo: korido za wazi, vivuli vya zege, madirisha ya luva pande mbili ili hewa ipite chumba kizima. Lilikuwa wazo sahihi kwa pwani. Kisha vikaja viyoyozi, vikafungwa kwenye vyumba vilevile, na luva zikabaki. Luva hata ikifungwa haizibi. Vioo vinaachiana nafasi, kimoja kimevunjika na mahali pake pamewekwa kadibodi. Kupoza chumba hicho ni kuchota maji kwa pakacha. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula karibu kilowati moja kompresa ikiwa inafanya kazi. Kwenye chumba kilichozibwa vizuri kompresa hupumzika mara kwa mara. Kwenye chumba cha luva, rimoti ikiwa imewekwa nyuzi 16, haipati pumziko, na kikisahauliwa Ijumaa jioni, kufika Jumatatu asubuhi zimekwenda uniti 60 na ushei. Hapo uamuzi si wa kiufundi tu. Ama chumba kizibwe na kipozwe hadi nyuzi 25, ama luva zifunguliwe na zinunuliwe feni za dari. Mimi ni mtu wa feni, lakini najua wenzangu wenye ofisi zinazotazama magharibi hawatanielewa.

Kabla ya kuzima chochote, ulizeni. Kuna kompyuta inayowaka usiku kwa sababu mwanafunzi wa uzamivu ameiachia hesabu inayochukua siku tisa. Ukiizima kuokoa uniti mbili umempotezea wiki nzima ya utafiti. Skrini yake izimwe, mashine iachwe, na ibandikwe jina lake na tarehe ya kumaliza. Na mtu wa kwanza kuulizwa awe mlinzi wa zamu ya usiku, kwa sababu anajua dirisha gani huwaka hadi alfajiri, halafu msafishaji, anayejua nani huacha nini. Wawili hawa sijawahi kuwaona wakialikwa kwenye kikao cha nishati.

Lipo pia tatizo la kipimo chenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wateja wa umeme. Waliwatumia kadi za posta kuwaarifu kwamba wamo katika utafiti wa matumizi ya umeme, basi, bila ushauri wala zawadi. Matumizi yakashuka kwa asilimia 2.7, na kadi zilipokoma, nafuu nayo ikaondoka. Kikundi chetu kikipima wiki moja na kutangaza ushindi, kinaweza kuwa kimepima aibu ya watu tu. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda vipimo vya Ijumaa usiku: dispensa haijui kwamba inatazamwa.

Ripoti iwe ukurasa mmoja, na mbele ya kila jambo liandikwe jina la atakayelifanya. Mengine yatakuwa ya wenye chumba. Mengine, kama mpira wa friji na kubadilisha tyubu za wati 36 zenye choki kwa za LED za wati 18, ni ya ofisi ya milki, na hayo yapelekwe kabla bajeti ya mwaka haijafungwa, si baada ya hapo. Kwa uongozi wa chuo nina ombi moja: mita ndogo kwa kila ghorofa, na namba zake zibandikwe mahali ngazi zinapoanzia.

Na vipimo virudiwe kwa msimu uleule. Julai ya Dar es Salaam si Februari yake. Mkipima Februari kisha mkarudi Julai mtajisifia baridi. Kikundi kitakachoanza Julai hii kitalinganisha na Julai ijayo, na kwa kuwa nusu ya wanakikundi watakuwa wameshahitimu, daftari la vipimo likabidhiwe kwa katibu wa idara, pamoja na ile ekstensheni fupi yenye nyaya zilizotenganishwa.