Kutafuta Hitilafu ya Kuingia Mara Moja kati ya Moodle na MediaWiki



Vyuo vingi hufundishia kwa Moodle, na vingine vimeongeza MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia, ili walimu na wanafunzi waandike pamoja maelezo ya kozi. Aliyekwisha kuingia Moodle anatarajia wiki imtambue bila kumdai nenosiri tena. Isipomtambua, wengi wetu hukimbilia kubadili nenosiri au kusakinisha upya kiendelezi. Naomba tuache mazoea hayo. Mara nyingi nenosiri limeshakubaliwa. Mifumo miwili ndiyo isiyoafikiana kwamba huyu ni nani.

Nianze na jina, maana hapo pana mengi. Moodle huweka majina ya kuingilia kwa herufi ndogo. MediaWiki hukuza herufi ya kwanza, na kuanzia ya pili hutofautisha kubwa na ndogo. Basi mhadhiri "ajuma" wa Moodle anaingia wiki kama "Ajuma", wakati mhadhiri huyohuyo alikwisha kufunguliwa akaunti ya "AJuma", na kurasa zote alizoandika zimebaki huko. Ukiwa na "amina_juma", MediaWiki itageuza kistari cha chini kuwa nafasi: "Amina juma". Na chuo kinachotumia barua pepe kama jina la kuingilia kitakwama kabisa, kwa sababu kwa mpangilio wake wa kawaida MediaWiki haikubali alama ya @ katika jina jipya.

Kuna pia suala la haki. Chuo kikizuia wageni kujifungulia akaunti, yaani haki ya createaccount, hakina budi kuruhusu autocreateaccount. La sivyo mwanafunzi mpya atathibitishwa vizuri upande mmoja, kisha wiki ikatae kumwandikisha. Jihadharini na miongozo ya zamani: toleo la MediaWiki 1.27 la mwaka 2016 lilileta AuthManager na kubadili namna viendelezi vya uthibitishaji vinavyofanya kazi.

Wapo wanaokwepa usumbufu wa majina kwa kuunganisha akaunti kupitia barua pepe. Ninalipinga jambo hili kwa nguvu. Mfanyakazi akiondoka na anwani yake akapewa mwingine, mgeni huyo atarithi akaunti na historia isiyo yake. OpenID Connect, itifaki iliyokamilishwa mwaka 2014, ina kitambulisho kiitwacho sub, ambacho mtoaji wa utambulisho haruhusiwi kumpa mtu mwingine kamwe. Fungeni akaunti kwa hicho, pamoja na jina la mtoaji. Jina la kuonyesha linaweza kubadilika likitaka.

Dalili nyingine ya hitilafu ni kivinjari kuzungushwa kati ya mifumo miwili hadi kikate tamaa. Bonyezeni F12, fungueni sehemu ya mtandao, mfuate kila jibu la 302, yaani la kuelekezwa kwingine, na kuangalia kidakuzi kinawekwa wapi. Kidakuzi kilichowekwa na masomo.mfano.ac.tz bila kutaja kikoa hakitapelekwa wiki.mfano.ac.tz. Kikitajwa mfano.ac.tz kitafika kote kuwili, kikitajwa ac.tz peke yake, kivinjari kitakikataa. Angalieni pia kama seva ya mbele inapokea https huku wiki nyuma yake ikidhani iko kwenye http. Hapo mpangilio wa MediaWiki uitwao $wgServer ndio wa kukaguliwa kwanza.

Saa nayo isisahaulike. Ujumbe wa SAML, itifaki nyingine ya kuingia mara moja, hubeba muda wa kuanza na wa kuisha. Seva iliyozimika kwa kukatika umeme huku betri ya ubao wake imekufa inaweza kuamka na tarehe ya miaka iliyopita, ikakataa kila mtu kwa madai kwamba ujumbe bado haujaanza kufaa. Amri ya timedatectl itawaonyesha hilo papo hapo.

Nimalizie na kutoka, jambo ambalo wachache hulijaribu. Katika maabara ya kompyuta mashine moja hutumiwa na watu wengi kwa siku. Mwanafunzi akitoka Moodle na wiki ikabaki wazi, anayeketi baada yake ataandika kwa jina la mwanafunzi huyo. Kabla ya kutangaza kwamba mfumo uko tayari, ingieni kote kuwili kwa akaunti ya majaribio, tokeni upande mmoja tu, kisha fungueni ule mwingine bila kufunga kivinjari. Ukiwapokea bado kwa jina lenu, kazi haijakwisha.