Karani, Kitabu na Mpaka wa Namanga: Kumsoma Tena David Maillu



Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya David Maillu, mwandishi wa Kenya. Hoja yangu ni kwamba uchafu wa vitabu hivyo ulikuwa nusu tu ya kosa. Nusu ya pili ni kwamba vilikuwa rahisi kununua na rahisi kusoma.

Maillu alizaliwa Kilungu, Ukambani, mwaka 1939. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kujisomea, akafanya kazi ya uchoraji katika shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya, kisha akaanzisha Comb Books jijini Nairobi. Mwaka 1973 alitoa My Dear Bottle na Unfit for Human Consumption. Mwaka uliofuata, After 4.30. Aliandika Kiingereza chepesi kwa ajili ya makarani na wapiga taipu, na hao hao ndio aliowafanya wahusika.

Tusimtakase. Maillu hufunua shuka bila haraka, kisha hupanda mimbarini. Jonathan Kinama wa Unfit for Human Consumption, mtumishi wa serikali, anaponzwa na pombe na wanawake hadi anajiua. Emili Katango, mpiga taipu wa After 4.30, ni mtu mwingine kabisa: anawasema mabosi wanaodai mwili pamoja na kazi. Aliyeishia kwenye kurasa za ashiki hakumsikia Emili.

Tukirudi kwenye hoja ya uchafu, kifungu cha 175 cha Kanuni yetu ya Adhabu hapa Tanzania kinakataza biashara ya machapisho machafu. Fikra hiyo tuliirithi kwa Waingereza, ambao Bunge lao lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1857, enzi za Malkia Victoria. Lakini mwaka 1883 mvumbuzi Mwingereza Richard Burton, yuleyule aliyefika Ujiji mwaka 1858, alishiriki kutoa tafsiri ya Kama Sutra chini ya jina la jumuiya ya faragha, isomwe na mabwana wachache wenye fedha. Bwana alihesabiwa kuwa mtafiti; karani akishika kitabu cha aina hiyo, anahesabiwa kuwa amepotoka.

Arusha ilikuwa karibu sana na vitabu hivyo vya Maillu. Kutoka Nairobi hadi hapa ni takribani kilomita 270, kupitia Namanga, Longido, Oldonyo Sambu na Ngaramtoni. Dar es Salaam iko mbali zaidi ya mara mbili. Mwaka ule wa marufuku, mji wetu ulikuwa bado makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ukakaa hivyo hadi 1983. Kwa mchapishaji mdogo wa Nairobi, soko la kusini lilikuwa limekufa mara mbili.

Comb Books ilianguka, lakini Maillu hakunyamaza. Aliandika vitabu vya watoto, na mwaka 1991 akatoa Broken Drum, riwaya ya kurasa zaidi ya elfu moja.

Sidai kwamba kila kitabu kilichopigwa marufuku ni bora. Vingine vya Maillu ni vibovu, na hukumu hiyo naitoa kwa sababu nimevisoma. Ombi langu kwa vyuo vilivyo chini ya Mlima Meru ni hili: vitafuteni vitabu hivi, vitunzeni maktabani, na wapeni wanafunzi wa fasihi pendwa kazi ya kuvihukumu wenyewe.