Sato wa Keki: Kugandisha, Kujaza na Kuchonga

Mada kwa semina ya waokaji keki, Kigongo

Mwokaji wa Kigongo akiombwa keki ya umbo linaloitambulisha sehemu hii, wazo la kwanza ni daraja. Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa Juni 19, 2025, lina urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 28.45. Hesabu hiyo haimpendelei mwokaji: keki ya urefu wa mita moja, ikifuata uwiano huo, haitafika hata sentimita moja kwa upana. Itabidi alinenepeshe daraja, na nyaya azitengeneze kwa vitu visivyo keki. Kisu hapo hakina kazi kubwa.

Sato ndiye wa kuchonga. Mwili wake mpana na bapa unaenea vizuri kwenye keki ya mstatili iliyolazwa. Tahadhari ni moja tu: mteja wa kando ya ziwa anamjua samaki wake, na mkia ukizungushwa mno atauliza kwa nini ameletewa sangara.

Kazi huanza siku moja kabla. Keki nyepesi sana humong'onyoka. Ya siagi, iliyoshikana, huvumilia kisu. Ikishapoa kabisa, inafungwa nailoni mara mbili na kulazwa kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Maji na mafuta yaliyomo huganda, chembe zikashikamana. Hata hivyo, keki ngumu kama jiwe haichongeki na kisu huteleza. Inatolewa ilainike kiasi, ikiwa bado ndani ya nailoni, kwa kuwa hewa ya ziwani ina unyevu, na afadhali matone yatue kwenye nailoni kuliko kwenye keki.

Umeme ukikatika usiku? Friza iliyojaa isiyofunguliwa hushika baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Ndiyo maana wenye uzoefu huziba nafasi tupu kwa chupa za maji.

Wapo wanaochonga kwanza, wakajaza baadaye. Hilo huleta matabaka yasiyolingana. Ni bora kujaza kwanza: krimu ya siagi, iliyopakwa nyembamba, kisha keki irudi kwenye baridi mpaka matabaka yashikane. Embe mbichi zisigandishwe ndani, zikiyeyuka hutoa maji na tabaka la juu huanza kuserereka.

Sasa kisu, kirefu chenye meno. Mchoro wa karatasi unawekwa juu, pembeni panakatwa wima, ndipo mgongo na tumbo vinateremshwa kwa vipande vyembamba, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Mabaki hayatupwi: yanavurugwa na krimu kidogo, yanafinyangwa mapezi. Koti la kwanza la krimu hunasa makombo. Keki inapoa tena, kisha koti la pili, na magamba yanachorwa kwa ncha ya kijiko, kuanzia mkiani kuelekea kichwani, kila mstari ukiugusa uliotangulia.

Safari ya kwenda Sengerema ilikuwa mtihani wa foleni ya kivuko. Sasa kuvuka darajani ni dakika chache, ila jua halijabadilika: siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, joto ambalo gari lililoegeshwa juani hulipita upesi. Keki isafirishwe asubuhi, ikiwa bado baridi, sakafuni mwa gari, si mapajani mwa mtu.