Kustaafu kwa Ugonjwa Si Kufukuzwa Kazi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya kustaafu kabla ya wakati. Sikuombwa kwa sababu ya uzee, maana nina miaka 47. Presha ya macho ndiyo iliyonitoa katika utumishi wa serikali. Kazi yangu pale mpakani Tunduma ilikuwa kukagua hati za mizigo tangu asubuhi hata jioni, na asiyeweza kusoma hati hawezi kazi hiyo. Hata maneno haya nimeyatunga mimi, lakini aliyeyaandika ni binti yangu.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Presha ya macho mara nyingi huanza bila maumivu yoyote. Huondoa uwezo wa kuona pembeni kwanza, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu. Kwa hiyo, ndugu zangu mliovuka miaka 40, hasa ambao katika ukoo wenu yupo aliyepofuka, nendeni mkapimwe wakati bado mnaona vizuri. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Pili, sheria. Katika utumishi wa umma, umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na wa lazima ni miaka 60. Mgonjwa ambaye hajafikia umri huo hushawishika kuandika barua ya kuacha kazi ili apumzike. Nawasihi, msiiandike kabla ya kuuliza! Kuacha kazi na kustaafishwa kwa ugonjwa ni mambo mawili tofauti. Anayestaafishwa kwa ugonjwa hupimwa na jopo la madaktari, nalo huthibitisha kwamba hawezi tena kazi. Mfuko wa PSSSF, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne ya pensheni, una mafao ya ulemavu kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Lakini aliyejiondoa mwenyewe, hata fao la kukosa ajira halimhusu.

Ninyi mlioajiriwa na makampuni, wakiwamo madereva wa malori na wafanyakazi wa mawakala wa forodha, mnayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Na ikiwa kazi yenyewe ndiyo iliyoleta ugonjwa, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tunzeni barua ya ajira, taarifa za michango na vyeti vya hospitali mahali pamoja, na mwenzi wako apajue.

Tatu, jambo ambalo halimo katika sheria yoyote. Mtumishi wa mpakani akirudi nyumbani kabla ya wakati, watu wana jibu tayari: kakamatwa na rushwa. Nilisikia minong'ono hiyo kwetu Mbozi kabla sijamaliza kufungua mizigo yangu. Niliwaita wazee wa ukoo na majirani wawili, binti yangu akawasomea barua ya kustaafishwa tangu mwanzo hata mwisho. Tangu siku ile wazee wenyewe ndio wanaonijibia.

Nne, fedha. Mafao yalipokaribia, washauri walikuwa wengi: nunua lori, peleka mahindi Nakonde, badilisha kwacha. Biashara hizo si mbaya, ila zinahitaji macho ya mwenye mali. Mke wangu nami tulikubaliana kuanza na ada za watoto na dawa zangu, kisha shamba letu la kahawa, ambalo yeye analijua kuliko mimi.

Ninyi mnaobaki kazini, msitukimbie kwa kuona haya. Mimi bado nakumbuka taratibu za forodha, na kijana anayeanza kazi hiyo akija kuniuliza atanikuta barazani. Huruma tunaishukuru, lakini tukipewa kazi tunayoiweza tunashukuru zaidi.