Picha Ikiuze Kikapu cha Mkonge: Mada kwa Wajasiriamali Wadogo wa Magoma

Gulioni mnunuzi hukishika kikapu cha mkonge, akauvuta mkono wake, akaridhika. Aliye Dar es Salaam ana picha tu.

Basi kabla ya kumwita mpigapicha, msusi aamue picha itatumika wapi: kwenye lebo, kwenye bango la maonesho au kwenye simu. Picha ya lebo huhitaji nafasi tupu ya maandishi. Wengi hulisahau hilo, wakalipa mara mbili.

Apange na saa. Jua la saa sita hufifisha rangi. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kivulini barazani, nyuzi huonekana moja moja. Kikapu kipigwe kitupu, kisha kikiwa na mchele, ukubwa wake ujulikane. Mikono ya msusi ikiwa kazini huvutia kuliko maua ya plastiki yanayopangwa kando. Anayetambulika usoni aombwe ridhaa kwanza, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Na kisiazimwe kikapu cha jirani aliye fundi zaidi. Mzigo ukikataliwa na kurudishwa, nauli ya basi humaliza faida yote.