Kukagua Madai ya Bima kutoka Mbali na Hifadhi ya Mazingira ya Visiwa Vyetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya masheha, maofisa wa bima na wafanyabiashara, Chake Chake, Pemba)








 Nawashukuru nyote mlioacha shughuli zenu, khasa mliotoka Micheweni na Mkoani, kuja kusikiliza jambo ambalo kwa sura yake ni la fedha na makaratasi, lakini kwa undani wake ni la ardhi na bahari yetu. Jambo lenyewe ni ukaguzi wa madai ya bima kutoka mbali, yaani mkaguzi wa hasara kuitathmini mali iliyoharibika kwa picha za simu, kwa video au kwa picha za setilaiti, badala ya kufunga safari yeye mwenyewe.

Wengi wakilisikia jambo hili hufikiri mara moja mafuta ya gari. Ni kweli. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita moja, ikisafiri kilomita 60 kwenda na kurudi kwa ajili ya mtu mmoja aliyevunjikiwa kioo, hutumia lita 6 na kuacha angani kilo 16 za hewa hiyo. Na mara nyingine mkaguzi hulazimika kurudi safari ya pili kwa kuwa mwenye mali hakuwapo au hati zilikuwa pungufu. Lakini tusitie chumvi. Boti ya Unguja itang'oa nanga tu, awemo mkaguzi asiwemo, na hatuwezi kujisifu kwa mafuta ambayo yangeungua vyovyote vile. Kama faida ingekuwa hiyo peke yake, nisingewasumbua kuja hapa.

Faida kubwa imo katika siku zinazopotea.

Chukueni mfano wa duka lililoingia maji wakati wa masika. Ndani mna magunia ya mchele na unga, mifuko ya saruji, magodoro, majora ya vitambaa na friji mbili. Mwenye duka amekata bima, na jambo la kwanza analoambiwa, au analojiambia mwenyewe kwa khofu ya kukosa fidia, ni kutogusa kitu mpaka mkaguzi afike. Mkaguzi yuko Unguja, ana madai mengine mezani, na mvua bado inanyesha. Magunia ya chini yanayarowesha ya juu. Saruji inaganda. Magodoro, ambayo siku ya kwanza yangeanikwa yakapona, yanaota kuvu. Siku mkaguzi anapowasili, hasara ya robo ya duka imekwisha kuwa hasara ya duka zima. Kampuni inalipa zaidi, mwenye duka amekaa bila ya biashara, na vitu vyote hivyo vinapakiwa garini kwenda kutupwa.

Kutupwa wapi? Kisiwa hakina uwani wa kuficha taka. Zitafukiwa katika ardhi ile ile tunayochimba visima, au zitachomwa na moshi wake turudishiwe wenyewe, au zitateremka na maji ya mvua mpaka kwenye mikoko. Na bidhaa za kujazia pengo la zile zilizooza zitatengenezwa upya na kusafirishwa kwa meli kutoka mbali. Sasa mkaguzi huyo huyo angeliona duka siku ile ile kwa video, akahesabu magunia, akaandika kwamba yaliyorowa yatengwe na yaliyo makavu yatolewe, robo tatu ya mali ingeokoka. Hapo ndipo mazingira yanapofaidika, na kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko zile lita 6 za dizeli.

Gari nazo ni vivyo hivyo. Gari iliyogongwa ikiachwa nje kungojea ukaguzi, hewa yetu ya chumvi haina subira nayo. Kutu hula penye rangi iliyochubuka, na mafuta huvuja mchangani. Bampa lililopasuka lingezibwa kwa gharama ndogo, lakini likichelewa huishia kubadilishwa pamoja na vilivyo jirani yake.

Jambo hili si ndoto. Huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo pamoja na washirika wake ilianzisha mwaka 2010 bima ya mifugo isiyohitaji mkaguzi kuhesabu mizoga. Marsabit ina eneo la zaidi ya mara 60 ya Pemba, na wafugaji wake huhama. Ni gari ngapi zingetosha kumfuata kila mmoja? Badala yake setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, fidia hulipwa. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2011, baada ya ukame mkali. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilipoanza mpango wake katika Wajir na Turkana, utaratibu ulikuwa umebadilika: fedha ilikusudiwa imfikie mfugaji mapema, anunue majani na maji mnyama angali hai, badala ya kumngoja afe kisha alipwe. Ni hoja ile ile ya magodoro yetu. Ila setilaiti huona nyasi, haioni ng'ombe. Yuko mfugaji aliyepoteza wanyama na asilipwe kwa sababu malisho ya eneo lake yalionekana kuwa mazuri. Upungufu huo tuujue kabla ya kuiga.

Sisi wenyewe tunayo hazina ambayo nchi nyingi hazina. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilivipiga picha visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kwa uwazi unaotosha kulitambua paa moja moja. Hasara haipimwi bila ya kujua hali iliyotangulia. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu salama. Balaa la namna hiyo likitokea leo, Mungu atuepushie, picha ya kabla na picha ya baada zikiwekwa sambamba zitaonyesha ni mashamba gani ya kupandwa upya, bila ya msafara wa magari.

Hata hivyo teknolojia nayo ina taka zake, maana simu mbovu na betri zilizokufa ni sumu. Wala mkaguzi haondoki kazini. Kamera haioni ufa uliomo ndani ya boriti, wala haijui kama maji ya bahari yameingia kwenye injini ya boti. Panapokuwa na moto mkubwa, mtu aliyeumia, au ubishi, mkaguzi atakwenda kwa miguu yake. Na mvuvi wa Kojani asiye na simu ya picha asicheleweshewe haki kwa umasikini wake.

Kwa hiyo ombi letu kwa kampuni za bima ni kwamba kila hati ya bima ieleze kwa Kiswahili chepesi mwenye mali anaruhusiwa kuokoa nini, na baada ya kupiga picha zipi, kabla ya kukaguliwa. Masheha, tunawaombeni mshuhudie picha hizo zikipigwa, ili pasiwe na mtu wa kuleta picha ya gari la mwenziwe. Nanyi wenye mali, pigeni picha ya chumba kizima kwanza, kisha kila kitu peke yake, na alama ya maji ukutani kabla haijakauka. Kilichoharibika kiwekeni kando, msikitupe mpaka mjibiwe kwa maandishi. Asiyeridhika na jibu anayo haki ya kupeleka lalamiko lake kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Masika hayako mbali.